Fundi Tuko Naye, Mchoraji Yuko Wapi? Historia ya Piesi Ndogo za Chuma Katika Bukavu

Katika Bukavu, ukitafuta mtu wa kuchomelea chuma utampata mbele ya kumaliza kikombe cha chai. Kadutu, Essence, Bagira, kila upande uko na wake. Ukitafuta mtu wa turu, yaani ile mashini inayozungusha chuma wakati kisu kinakichonga, utauliza-uliza kidogo lakini utampata. Sasa tafuta mtu wa tatu. Yule utamuonyesha mashini iliyokufa, naye apime, ahesabu, achore kwenye karatasi ile piesi inayokosekana, na aandike itengenezwe na chuma cha namna gani. Huyo utamtafuta mpaka viatu viishe.

Watu wengi wanajibu haraka: vijana wa leo hawapendi kazi. Hilo jibu halinitoshi. Mimi ni mtu wa agronomia, na tumefundishwa kwamba mumea ukinyauka usianze kulaumu majani. Nimejaribu kurudi nyuma, ku mizizi, niangalie huyu mtu wa tatu alipotelea wapi. Nadhani hakupotea. Hakuwahi kupewa nafasi.

Tuanzie mbali kidogo. Mbele ya Wazungu, Bushi na nchi zote za kando ya ziwa zilikuwa na wahunzi. Muhunzi hakugawanya kazi. Yeye ndiye aliyejua chuma, ndiye aliyewaza umbo la jembe, ndiye aliyelipiga. Jembe likikuwa zito kwa mama fulani, au kama udongo wa kwao ulikuwa wa mawe, mama alirudi kwa mtu yule yule, na jembe la pili likatoka tofauti. Mchoro ulikuwa kichwani mwa mtu mwenye nyundo. Hakuna karatasi, sawa, lakini mwenye shamba na mwenye kuwaza umbo walikuwa wanaonana uso kwa uso.

Kisha ikaja ile tunaita mise en valeur. Mwaka 1928 kikaundwa Comité National du Kivu, CNKi, kikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana, na walowezi wakaanza kupanda kahawa, chai, na kwinini. Mwaka 1933 INEAC ikaanzishwa, na kwetu ikawa na kituo cha Mulungu, pale ambapo wengi wetu tumefanya staji zamani kikiwa tayari kinaitwa INERA. Mashamba ya namna hiyo hayaendi na jembe tu. Kahawa inataka mashini ya kumenya, chai inataka mashini za kusokota majani na za kukausha. Mashini zote zilitoka Ulaya, kila moja na kitabu chake cha katalogi.

Hapa naomba tukae kidogo, maana katalogi ndiyo kiini cha hii habari. Mumeshaona katalogi ya piesi? Ni picha ya mashini imefunguliwa kama muhogo umemenywa, na kila kipande kiko na namba. Kipande kikivunjika, unaandika namba kwenye barua, unatuma, unangoja. Lakini angalia vizuri: katalogi haikuambii kipande kina milimita ngapi, chuma chake ni cha aina gani, kimepikwa namna gani ili kiwe kigumu. Inakuonyesha jinsi ya kununua. Mchoro wenyewe, wenye vipimo, unabaki kwenye kabati la kiwanda kule Ulaya. Na hiyo si ajali. Kiwanda kinachouza mashini mara moja kinaendelea kula kwa piesi miaka 30.

Na safari ya hiyo piesi! Njia moja ilipitia Dar es Salaam. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu ya bandari pale Dar na nyingine Kigoma, kwa kodi ya franga 1 kwa mwaka. Watu waliziita Belbase. Kisanduku kilishuka kutoka meli, kikapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kikavuka Tanganyika mpaka upande wa Uvira, kikapanda tena reli ndogo ya CEFAKI katika bonde la Rusizi mpaka Kamanyola, na kutoka pale lori likapandisha mlima mpaka Costermansville, ndilo jina la Bukavu wakati ule. Mlowezi alikuwa na pesa na alikuwa na subira. Hakuona sababu ya kuwa na mtu wa kuchora hapa.

Na Mkongomani? Alifundishwa kazi, hilo lazima tuseme ukweli. Shule za ufundi zilitoa mafundi hodari: wa mbao, wa chuma, wa motere. Lakini walifundishwa kusoma plan, si kuitoa kichwani. Plan ilitoka kwa Mzungu, fundi alitekeleza, Mzungu alikagua. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Mwaka 1960 uhuru ukatukuta na Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu wasiofika 30 katika nchi nzima, na wengi wao hawakuwa watu wa mashini.

Miaka iliyofuata sitaichelewesha, kila mmoja wetu ameisikia nyumbani. Mwaka 1967 Jean Schramme na mamluki wake walishika Bukavu kuanzia mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, na walipoondoka mji ulikuwa umevunjika. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi vikaunganishwa kuwa UNAZA: ujenieri Kinshasa, agronomia Yangambi. Bukavu tukabaki na ISP ya kuandaa walimu na ISDR ya maendeleo ya vijijini. Shule nzuri, sisemi hapana. Lakini angalia ramani: mwenye kujifunza kahawa alikuwa msituni kando ya mto, mwenye kujifunza mashini alikuwa Kinshasa ambako hata leo barabara haikufikishi, na kahawa yenyewe ilikuwa hapa.

Halafu 1973. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja Mobutu alitangaza zairianisation. Mashamba na maduka ya wageni yakapewa Wazairwa, wale tuliwaita ba acquéreur. Babu wa rafiki yangu mmoja alisimulia vile mwenye shamba mpya alifika na gari, akahesabu magunia, akahesabu ng'ombe, akahesabu mashini. Mashini zilihesabiwa zote. Katalogi nani angehesabu? Na wakala aliyekuwa anaagiza piesi alikuwa ameshaenda. Mwaka 1976 serikali ilirudisha mali nyingi kwa wenyewe, lakini wengi hawakurudi, na mashini hazikungoja mtu. Moja ilikufa, ikaliwa piesi ili nyingine iishi. Hiyo biashara ya kula mashini moja ili kuponya ingine tunaifanya mpaka leo, na tuko mabingwa.

Kinachonisumbua ni kwamba mwaka ule ule, 1973, ng'ambo ya Tanganyika, Tanzania iliunda SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mwaka 1980 wakaongeza TEMDO pale Arusha, na kazi yake ya kisheria ndiyo hii hasa ninayoilia hapa: kubuni na kuchora mashini na piesi ili viwanda vya nchi vitengeneze. Mwaka 1981 ikaja CAMARTEC, Arusha pia, kwa zana za kilimo na za vijijini. Sisemi Arusha ni mbinguni. Mashirika ya serikali yanajua kulala njaa, na kuchora mashini si sawa na kuiuza. Lakini walijua kwamba kuna kazi inayoitwa kuchora, na kwamba mtu lazima alipwe mshahara kwa ajili yake. Sisi mwaka huo tulibadilisha mwenye mashini tukaamini tumebadilisha mashini.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa maharage kama mimi ameingia kwenye haya mambo ya chuma.

Kuna kikundi cha wakulima upande wa Kalehe ninachofuatilia. Wako na mashini ya mkono ya kumenya kahawa: ngoma yenye bati la shaba lililotobolewa vijino, gurudumu kubwa la meno kwenye ngoma, na pinyo ndogo kwenye mkono wa kuzungushia. Mwezi wa nne, katikati ya mavuno, pinyo ikavunjika meno manne. Wanaojua kahawa wanaelewa. Tunda jekundu likichumwa asubuhi lazima limenywe siku ile ile. Likilala, linachacha, na ile kahawa ambayo ingeuzwa kama kahawa iliyooshwa, kwa bei nzuri, inakuwa kahawa ya kukausha na maganda. Halafu mnunuzi wa usiku anafika na mtumbwi. Munajua watu wangapi wa kwetu ziwa limewala wakivusha kahawa kwenda Rwanda. Ni kwa ajili hiyo kooperativa kama SOPACDI, tangu mwaka 2003, zimepigana ili mkulima amenye na aoshe kahawa yake hapa hapa. Pinyo ya kilo moja inaweza kurudisha nyuma kazi hiyo yote.

Mbele yangu kikundi kilikuwa kimeshapeleka pinyo kwa atelie moja mjini. Walichongewa ingine kwa msumeno na tupa, kwa kuangalia ile iliyovunjika. Ilikuwa inang'aa vizuri sana. Ilifanya kazi siku mbili.

Nikapewa mimi hiyo mission. Kwetu mtu wa agronomia anaitwa Injenieri, hata kama ana licence tu kama mimi, na hata kama kazi yake ni kuhesabu mistari ya mahindi. Nikaingia kwa mtu wa turu Kadutu, mtu mpole. Akaangalia pinyo, akaniangalia mimi.

«Croquis iko wapi?»

«Hakuna, papa. Nilifikiri wewe utachora.»

«Miye ninakata. Kuchora ni ya ba injenieri. Si banakuita Injenieri?»

Watu wa atelie walicheka, na mimi nikacheka nao, maana alikuwa amesema ukweli wote wa hii makala kwa sentensi tatu. Lakini alinipa jina la mzee mmoja wa Bagira, aliyefanya kazi ya ajusteri zamani katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, kule bonde la Rusizi, mpaka kiliposimama wakati wa vita vya 1996.

Mzee hakutaka kuona pinyo iliyovunjika. Alisema: «Maiti haisemi kweli. Niletee gurudumu kubwa, lile zima.» Siku ya pili nikalileta kwa pikipiki. Akahesabu meno: 45. Akatoa kipimio chake cha kubana, akapima upana kutoka ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili: milimita 199. Kisha akachukua karatasi ya mfuko wa simenti na akanifundisha hesabu ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Kwa gurudumu la milimita, unagawanya upana kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. 199 kwa 47 ni 4.23. Akatikisa kichwa. Katika orodha ya vipimo vya meno kuna 4, kuna 4.5. Hakuna 4.23.

«Basi hii mashini haisemi kifaransa,» akasema.

Akageuza milimita kuwa inchi: 199 kwa 25.4 ni 7.83. Kwa Waingereza hesabu inageuzwa: unachukua meno na mawili, unagawanya kwa inchi. 47 kwa 7.83 ni 6. Sita kamili. Akapima umbali kutoka katikati ya aksi moja mpaka katikati ya ingine: milimita 127. Inchi 5 kamili. Mashini haikuwa tena na kibao cha jina, kutu ilikuwa imekila, lakini mzee alikuwa amekisoma bila kibao: ilichorwa kwa inchi.

Hapa kuna historia nyingine, ya mbali zaidi. Mpaka mwanzo wa karne ya 19, kila atelie ya Ulaya ilikuwa na boliti zake. Nati ya fundi huyu haikuingia kwenye boliti ya fundi yule. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, Mwingereza, akapendekeza kipimo kimoja kwa wote: meno ya boliti yenye pembe ya nyuzi 55, na idadi maalumu ya meno kwa kila inchi. Nchi za milimita baadaye zikafuata njia yao, nyuzi 60. Boliti ya nusu-inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 2.12 hivi kwa kila jino. Boliti ya milimita 12 ina hatua ya 1.75. Kwa macho ni mapacha. Ukilazimisha nati ya moja kwenye ingine inazunguka kidogo, halafu inakamata, halafu inakata meno. Nimeona mafundi wetu wakiita hiyo «nati mbaya». Nati haina kosa. Bukavu ni mji wa Mbelgiji wa milimita, lakini bandari zilizotulisha zilikuwa za Mwingereza wa inchi, na mpaka kati ya hizo mbili unapita ndani ya mashini zetu.

Kisu cha kukata meno ya namba 6 ya Kiingereza, mzee alisema, hakuna mtu mwenye nacho Bukavu. Angeweza kusema basi. Badala yake aliuliza: «Pikipiki uliyokuja nayo, cheni yake ni ya ngapi?» Tukapima. Hatua ya cheni, kutoka pini mpaka pini: 12.7. Nusu-inchi! Hata baiskeli ni hivyo hivyo. Pikipiki zote zinazotubeba hapa, zilizotoka India na China, nchi za milimita, zinatembea juu ya nusu-inchi ya Mwingereza, na kila duka la piesi liko na meno yake.

Basi tukaacha pinyo. Akachora magurudumu mawili ya cheni ya pikipiki: meno 14 kwenye mkono, meno 42 kwenye ngoma. Moja kwa tatu, sawa na zamani. Aliyachora kwa ukubwa wake kamili ili aone kama yataenea kati ya zile aksi mbili, milimita 127. Yalienea, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kidole kisichofika. Tofauti moja: magurudumu yakigusana meno kwa meno, moja linazunguka kulia na lingine kushoto; kwa cheni yote yanazunguka upande mmoja. «Kwa hiyo waambie ba mama wazungushe mkono kinyume,» alisema, na akaandika mshale mkubwa. Kilichobaki ni vitovu viwili vya chuma vya kushikisha magurudumu ya pikipiki kwenye aksi za mashini, kila kimoja na tundu la 25.4 na mfereji wa ufunguo. Hivyo ndivyo mtu wa turu alivyochonga, kwa saa nne, umeme ukiwa umekatika mara mbili. Safari hii hakuuliza croquis.

Nilipomuuliza mzee alijifunza wapi kuchora, alisema Kiliba alikuwa na mkubwa mmoja wa atelie aliyekataa kukatiwa chuma bila karatasi. Hakwenda shule ya kuchora hata siku moja. Na tangu 1996, miaka yote hiyo, watu wamemletea pampu, vinu, baiskeli za walemavu; aliwahi kulipwa kwa kuchomelea, kwa kutoboa, kwa kunyoosha. Kwa kuchora, mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimpa dola 15 na akazihesabu mara mbili, akafikiri nimekosea.

Nadhani hapo ndipo penyewe. Kule Kumasi, Ghana, kuna mtaa mkubwa sana wa mafundi unaoitwa Suame Magazine. Mwaka 1972 chuo kikuu cha teknolojia cha pale kilifungua kituo cha kushauri watu wa viwanda vidogo, na moja ya vitu vya kwanza walivyotengeneza ni boliti. Lakini waligundua kwamba fundi hapandi kilima cha chuo kikuu. Mwaka 1980 wakashuka wao, wakafungua atelie ndani ya Suame yenyewe, na mashini za turu na watu wanaojua kuchora, fundi aingie na nguo yake ya mafuta na aulize. Sisi Bukavu tuko na vyuo vikuu kila kona, tuko na ITFM na shule zingine za ufundi ambako watoto wanachora desini teknike kila wiki. Wanachora piesi za kitabu, wanapewa pointi, karatasi inatupwa. Kadutu iko mwendo wa miguu.

Wengine wananiambia hayo ni ya zamani, siku hizi unatuma picha kwa simu mpaka Kampala, Dubai au Guangzhou, na piesi inakuja. Nilijaribu, mbele ya kumjua mzee. Jibu lilifika haraka, kwa adabu: tutumie mchoro wenye vipimo.

Mashini ya Kalehe imemaliza mavuno. Cheni imekazwa mara moja. Kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, section mécanique, amechukua ile karatasi ya simenti na kuichora upya vizuri, vipimo vyote kwa milimita na kwa inchi, na jina la mzee liko chini kama mwenye kubuni, ndilo sharti nililoweka. Kikundi kingine cha Idjwi chenye mashini inayofanana kimeomba kopi, na nimeituma. Nimewaandikia wapime aksi yao kwanza: ikiwa 25.4, vitovu vitaingia kama vilivyo. Ikiwa 25, mtu wa turu abadilishe tundu mbele ya kuchonga.